Wito wa Mgongoni

Alikuwako mume wa watu, kazi yake kutunga michezo ya mezani, ile ya dadu, ambamo mchezaji hujifanya shujaa, mchawi au zimwi. Shemeji yake akambandika jina Bwana Majini. Mkewe aliuza viatu vya mitumba, na sauti aliyokuwa nayo, wacha we! Mteja akinuna na kwenda zake, akiitwa mara moja tu, hata kama keshapanda basi atashuka, na dereva nyuma yake, na wote watarudi kununua.

Kisha koo likaugua. Likapasuliwa, sauti ikabaki hospitali.

Tangu hapo mama wa watu akawa kama maji ya mtungini. Mteja akitaja bei ya dharau, yeye anaitikia kwa kichwa na kufunga mzigo. Nyumbani vilevile: chakula kikiungua sawa, kisipoungua sawa. Bwana Majini hakuililia sauti. Aliulilia ule ubishi.

Siku hizo alikuwa akimtunga mchuuzi wa mchezo mpya. Akampa Jicho la Kasoro, aone ufa hata ndani ya ala ya upanga. Akampa Ulimi wa Asali. Uwezo mkubwa kuliko wote akauita Wito wa Mgongoni: mnunuzi akigeuka kuondoka, mchuuzi humrudisha, hata akiwa zimwi.

"Mama watoto, njoo tuujaribu. Wewe mchuuzi, mimi zimwi. Ukitaka kuniita, gonga meza tu."

Mke akaketi. Zimwi likaitaka ngao ya dhahabu kwa bei ya kitunguu. Mke akaitikia kwa kichwa.

"Ala! Unakubali nini? Nitukane basi, hata kwa mikono! Haya, siitaki tena, imepinda. Naondoka!"

Akageuka. Akatembea polepole, kama wateja wanaosikiliza kwa kisogo. Akavuka kizingiti. Nje mvua, ndani kimya. Akasimama uani, mgongo kauelekeza mlangoni, maji yakimwingia shingoni.

Mara, chapa, chapa, kandambili zikaja nyuma yake. Moyo ukamruka kama chura.

Mlango ukafungwa. Mvua ilikuwa ikiingia ndani.

Baadaye zimwi likapiga hodi lenyewe. Likafunguliwa, likapewa taulo, wala halikuulizwa neno.

Mchezo ulipotoka, mchuuzi wake alikuwa na jicho na ulimi. Mnunuzi akimgeuzia mgongo, basi, ndiyo kaondoka.