Siku Niliyojifanya Fundi, Baba Mkwe Akiwa Kiti cha Mbele

Nalisimulia jambo hili mwenyewe kwa sababu wifi yangu Mwanaidi amekuwa akilisimulia kwenye kila shughuli, na yeye anajua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Nusu iliyobaki ni aibu yangu, na nimeibeba tangu mwaka juzi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilosa, na tuna kigari cha zamani (mwanangu Zuhura yuko sekondari, na kigari kinamzidi umri). Wiki ya harusi ya Mwanaidi kilianza kulia kre-kre-kre chini ya boneti, hasa kikiwa kimesimama injini inawaka. Mume wangu alikuwa ametangulia Mikumi, ambako Mwanaidi alikuwa akiishi kwa shangazi yao na ndiko ndoa ilikofungiwa, akaniagiza nikipeleke kwa fundi. Fundi akasema nikiache hadi kesho yake, akisikilize injini ikiwa ya baridi. Sasa kesho yake ndiyo siku ya ndoa, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kumpeleka baba mkwe, nikaona huyu ananichelewesha, nikarudi nacho nyumbani. Nilikuwa nimeangalia kwenye simu video kama sita za watu wanaotengeneza magari, nikajiona nimehitimu.

Asubuhi nikawasha injini, nikafungua boneti, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikasikiliza huku na kule kama daktari. Nikafungua na kifuniko cha oili nichungulie ndani (sijui nilitegemea kuona nini), nikakiweka kando ya betri. Halafu nikaliona: bati dogo la kukinga joto juu ya ekzosi, bolti yake imedondoka, linatikisika lenyewe. Nikazima, nikasubiri lipoe, nikalifunga kwa waya wa kufungia nondo, nikawasha. Kimya. Nilifurahi hata nikapiga picha mikono yangu michafu, nikaituma kwenye kundi la familia na kuandika kwamba mafundi wa Kilosa watafute kazi nyingine. Mashemeji wakanipongeza mmoja baada ya mwingine. Nikiwa bado nasoma pongezi, Baba akaingia uani na kanzu yake nyeupe, nikamwamkia, nikafunga boneti, tukaondoka saa nne.

Baba alifanya kazi karakana ya reli miaka mingi, ni mtu wa maneno machache, na nyonga yake ni mbovu. Shehe alishamwambia anaweza kumkasimu mtu kwa simu aozeshe kwa niaba yake, akakataa, akasema binti yake wa mwisho atamwozesha kwa mdomo wake mwenyewe. Ndoa ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, na saa nane shehe alikuwa na ndoa nyingine kijiji cha mbali. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchezea.

Tulipokaribia Zombo, Baba akasema anasikia harufu ya oili. Nikamjibu kuna watu wanachoma mabua. Akageuka akaangalia mashamba ya upande wake, hakukuwa na moshi popote. Kidogo ukaja mlio, na haukuwa ule wa kre-kre, huu ulikuwa mzito, ko-ko-ko, unasikika mpaka kwenye nyayo.

“Mama Zuhura, simama tuangalie,” Baba akasema.

“Ni lile bati tu, Baba. Waya umelegea.”

Hapo ndipo nilipoharibu. Kusimama kulikuwa na maana ya kufungua boneti mbele ya mzee wa karakana, muda mfupi tu baada ya kujitangaza fundi, na mimi sikuwa tayari. Nikaendelea. Dakika chache mbele ikawaka ile taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika, na nawaambia ukweli, nilijua maana yake, video ya pili ilikuwa ya hiyo hiyo. Nilichofanya ni kusogeza mkono juu ya usukani ili Baba asiione. Nikaendesha hivyo, mkono umekauka, mlio unazidi, nikihesabu vijiji vilivyobaki, na Baba akiangalia mbele tu.

Injini ikagonga mara moja kwa nguvu, ikazima. Moshi ukatanda.

Tulipofungua boneti kila kitu kilikuwa kinameremeta oili, imeruka hadi kwenye kioo, na tundu la kutilia oili liko wazi. Kifuniko kilikuwa kimekwama kando ya betri, pale pale nilipokiweka. Baba akakitoa, akakifuta kwa leso yake, akakiweka kiganjani mwangu. Afadhali angenifokea.

Simu ikaita, mume wangu: shehe ameshafika, mko wapi? Nikasema tunakuja. Pikipiki mbili zikapita, lakini Baba na nyonga ile asingeweza kupanda. Ikafika saa saba, ikapita. Mwishowe ikatokea pikapu ya matenga ya nyanya, na dereva, Mungu ambariki, akampandisha Baba mbele, akakifunga kigari changu kwa kamba nyuma, nikabaki ndani peke yangu nikishika usukani mzito kama jiwe, sare ya harusi imelowa oili kifuani.

Nilidhani atatushusha barabarani. Lakini Baba alikuwa amemwambia ana dakika kumi tu, kwa hiyo yule bwana akaingia moja kwa moja hadi uwanjani penye turubai. Watu wa matarumbeta kuona gari linavutwa pole pole wakadhani ni wageni wa bwana harusi wanakuja kwa madoido, wakapiga. Vigelegele juu. Pikapu ikasimama, nikakanyaga breki, na breki bila injini ni kama kukanyaga ukuta, nikaigonga nyuma. Matenga mawili yakaanguka na nyanya zikabingirika mpaka kwenye mikeka ya wageni. (Hapo ndipo Mwanaidi anapoishia kusimulia.)

Shehe alikuwa tayari ameshika mkoba wake. Baba akaketi, akashika mkono wa bwana harusi, akamwozesha binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Nilisikilizia nje, nikinawa.

Wakati wa kula mume wangu akauliza mbele ya ukoo wote gari limepatwa na nini. Nikafungua mdomo, lakini Baba akawahi. “Injini imezeeka,” akasema, akaendelea na pilau yake. Na mimi nikaendelea na yangu.

Alasiri sikuweza tena, nikamfuata alipokaa, nikamwomba radhi kwa kuacha kifuniko wazi.

“Kifuniko mtu yeyote anasahau,” akasema. “Ile taa uliyoifunika kwa mkono ndiyo imeniumiza.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akajibu kwamba alishasema mara mbili, na ya tatu ingekuwa ugomvi na mke wa mwanawe siku ya harusi.

Injini ile haikupona, tuliitoa tukaweka nyingine. Mume wangu nilimweleza yote wiki iliyofuata, akanuna siku mbili. Siku hizi gari likilia hata kama ni sarafu tu inayogongagonga mlangoni, nasimama, nafungua boneti mbele ya yeyote aliyepo, na nasema sijui.