Kitabu cha Tatu cha Beno

Harufu ya dagaa wa Nyasa ilinifikia kwanza, kisha nikaliona jalada. Muuza vitabu vya mtumba pale Bombambili alikuwa ametandaza mali yake jirani na mama wa dagaa, na katikati ya vitabu vile alikuwepo Beno na fimbo yake, akivuka mto. Kitabu cha tatu. Mimi ninayebishania hata fungu la nyanya nilikilipia bila kuomba punguzo, nikaanza kukisoma palepale juani.

Msinicheke. Nilikuwa nimekisubiri kitabu hicho tangu darasa la nne. Beno alikuwa kijana wa porini aliyewakimbiza majangili kutoka kitabu hadi kitabu. Aliyekuwa navyo ni Zuhura, jirani yetu, mtoto wa watu wa Tunduru. Baba yake alimletea kimoja kila aliposafiri. Akimaliza yeye, ananipa mimi. Cha kwanza nikapewa, cha pili nikapewa. Cha tatu alikisoma kwa siku moja, akaniambia kimepotea.

Wakati huo mama alikuwa amelazwa hospitali ya Peramiho, nami nilikaa kwa shangazi, situlii, naamka kabla ya jogoo. Bila Beno sikuwa na pa kuipeleka akili yangu.

"Kimepotea wapi?"

"Kimepotea tu."

"Haya, apa. Sema wallahi."

Zuhura aliinama, akachorachora vumbi kwa kidole gumba cha mguu. Hakuapa. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Nikamwita mchoyo mbele ya watoto wote waliopanga ndoo bombani, naye hakujibu neno. Shangazi alipenda kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami nikaona wazi kwamba Zuhura hakunifaa. Kabla muhula haujaisha, wao walihamia Nakapanya, huko kwao Tunduru. Sikwenda kumuaga.

Mama alirudi mzima, namshukuru Mungu, na yuko hadi leo.

Sasa basi, ukurasa wa thelathini na moja, mama yake Beno anapelekwa hospitali. Ukurasa wa thelathini na nne anakufa. Mwandishi hakuwaonea huruma watoto. Ameeleza hadi lile shuka walilomfunika. Nilivuta ndoo ya muuza vitabu, nikakaa bila kukaribishwa.

Zuhura alikuwa na miaka kumi. Uongo aliweza kuusema kwa ajili yangu, ila jina la Mungu hakuthubutu kulitia ndani yake, na kwa kunyamaza akakubali kuitwa mchoyo. Naona aibu. Tangu siku niliyokinunua kitabu nazunguka nyumbani, nashika hiki naacha kile, namuuliza kila mtu wa Tunduru ninayekutana naye kama anawajua watu wale.

Wanangu wawili wanamfahamu Zuhura vizuri. Miaka yote, mmoja akimnyima mwenzake andazi, nilimwambia: usiwe kama Zuhura.