Wino Uliofutika kwenye Chupa za Sokwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe na sanduku la mavi. Nilikuwa nimevaa tai. Nilitoka nyumbani, kota za askari Mbuya, na mama alikuwa ameniombea mlangoni, maana mwanawe wa kidato cha nne amepata kazi ya sayansi. Mkuu wa Maabara, mama mfupi asiyepoteza maneno, alifungua sanduku akasema, "Kinyesi cha sokwe. Ukikiheshimu, kitakuambia kila kitu."

Kilituambia kweli. Sokwe wa mwituni hakubali kutolewa damu, hivyo wafuata nyayo husubiri alfajiri chini ya viota anamolala mitini na kuokota anachoangusha akiamka. Ndani yake mna vinasaba, yale maagizo ya mwili ambayo mtoto hurithi nusu kwa mama, nusu kwa baba. Mimi nilizihamishia sampuli kwenye chupa ndogo za spiriti zisioze, nikaandika juu yake nambari na msitu zilikotoka. Niliandika kwa penseli, kwa amri ya Mkuu.

Baada ya miaka kadhaa Mkuu alistaafu, nami nikapandishwa kuwa msimamizi wa stoo ya sampuli. Penseli ikaanza kuniaibisha. Shuleni kwetu ilikuwa ya watoto wadogo. Ukikua unapewa kalamu, na mwandiko wangu ulikuwa wa kusifiwa. Nikatoa kalamu ya marehemu baba, aliyekuwa sajini, nikaandika chupa zote kwa wino.

Zilikuwa chupa za kazi kubwa. Misitu miwili iliunganishwa na ukanda mwembamba wa miti kando ya kijito, tunaouita ushoroba. Wenye ardhi walitaka kuufyeka wapande miwa. Mtafiti Mkuu, bosi wangu mpya, alitakiwa kuonyesha kama sokwe huupita. Asipoonyesha, miti inakwenda.

Spiriti ilivuja. Wino ukabaki madoa ya bluu, vifuko vya mwituni nilishavitupa, na hakuna aliyeweza kusema chupa ipi ilitoka msitu upi. Mtafiti Mkuu aliponiuliza, nilijibu kwamba Drani alizituma bila maandishi. Drani, mfuata nyayo, alikuwa rafiki yangu, mwenye asili ya Arua kama mimi. Alisimamishwa kazi. Alinipigia simu akasema tu, "Kaka, wewe unajua niliandika."

Nilinyamaza wiki mbili. Sina cha kujitetea. Kisha nikaingia ofisini nikasema yote.

"Penseli ilikuwa wapi?" Mtafiti Mkuu akauliza.

"Mfukoni, Daktari."

Hakunifukuza. Alimrudisha Drani kazini, akanituma nikaokote sampuli upya pamoja naye. Siku ya kwanza Drani hakunisemesha hata neno. Ya pili, nikiwa nimeinama chini ya kiota, sokwe mmoja alinikojolea kuanzia kichwani hadi shingoni. Drani akaketi chini kwa kucheka.

"Huyo amekutilia sahihi," alisema. "Bila wino."

Tukaanza kuongea tena.

Majibu yalitoka kabla ya mkutano wa wenye ardhi. Jike mmoja kijana wa msitu mkubwa alikuwa na mama yake mzazi ng'ambo, kwenye msitu mdogo. Majike wa sokwe huhama wakikomaa, madume hubaki kwao. Huyu alikuwa amepita kwenye ushoroba wetu. Miti iliachwa. Nilimpigia Drani, nikasikia amebwaga simu, watu wa nyumbani kwake wanapiga vigelegele.

Sasa nimestaafu, naishi Bugolobi kwa binti yangu. Vijana wa maabara hunionyesha mashine zinazosoma kwa siku moja kile tulichohangaikia miezi. Nafurahi nao. Lakini zile wiki mbili ambazo Drani alikaa nyumbani kama mwizi, hakuna mashine ya kuzifuta.

Mwezi uliopita alinijia na furushi la kadi. Binti yake anaolewa, na anataka majina ya wageni yaandikwe kwa mwandiko wangu.

"Andika kwa wino, kaka," alisema. "Hizi hatutazitia kwenye spiriti."

Nimeziandika zote kwa wino. Jina la Drani tu, juu kabisa ya kadi, nililiandika kwanza kwa penseli, kisha nikalipitishia wino.