Ndoo ya Langi

Juzi nilinunua jibini dukani, hapa mtaani Kansanga. Nilipofika nyumbani nikaipapasa ubavuni, natafuta vipele. Hamna. Laini kama mche wa sabuni, na ladha yake, rafiki yangu, ni ya sabuni hiyohiyo. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika, maana aliyeiua jibini yenye vipele namjua. Ni mimi.

Vipele vilitokana na msumari. Bibi yangu alikimbia vita kutoka milima ya Masisi, Kongo, mimi nikiwa mgongoni, na kalibu zake za mbao za kukandia jibini zilibaki huko. Hapa Kampala alitumia makopo ya siagi, ya mtindi, na madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa shingo. Kazi yangu ilikuwa kuchoma msumari kwenye sigiri ya mkaa na kutoboa matundu ya kutolea maji; kila tundu liliacha kipele kwenye jibini. Moshi wa plastiki uliniingia machoni, na tundu likizidi ukubwa nilipigwa mwiko vidoleni. Alikuwa mkali yule bibi. Siwezi kumpamba eti kwa sababu amekufa.

Sharti lake lilikuwa moja: kalibu itokane na kilichobeba chakula tu. "Chombo hakisahau," alisema, na kila kopo alilinusa kwanza. Lililowahi kuwa na sabuni au dawa ya mende lilirushwa nje, hata liwe linang'aa vipi.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa Muganda, na kwake r na l zilikuwa kitu kimoja. Siku moja bibi alinifokea, "Lete kalibu!" Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipita nje, akajibu, "Asante, nyabo," akavua viatu akaingia, akakaa. Lo! Tulicheka mpaka machozi. Aliyecheka kuliko wote ni jirani yetu, mke wa polisi, mtu wa kabila la Langi huko kaskazini. Uani wote tulimwita Mama Langi. Bibi hakuamini mtu yeyote wa nyumba yenye sare, lakini huyu alimwamini. Mama Langi alituletea odi, simsim na karanga zilizosagwa pamoja, naye bibi alimkatia kipande cha kwanza cha kila jibini. Mji mzima huu, bibi hakuwa na rafiki mwingine.

Basi Wakongomani wenzetu wakaagiza jibini ya harusi, moja, kubwa. Hakuna kopo lililotosha. Nyuma ya bafu nikaona ndoo nyeupe, nikamuuliza mama mwenye nyumba.

"Hiyo ni ya langi," akasema. "Wewe chukua tu."

"Ya nani?" bibi akaniuliza nilipomletea.

"Ya Mama Langi."

"Alikuwa anatia nini?"

Hapo ndipo ningerudi kuuliza. Lakini wenzangu walikuwa wananingoja turuke kamba. "Odi," nikasema. Na kwa kuwa ilikuwa ya rafiki yake, bibi hakuinusa. Aliiosha tu, nikaitoboa, akamimina maziwa yaliyoganda yangali moto.

Siku ya harusi mjomba wa bibi harusi aliirudisha imekatwa. Pembeni ilikuwa na mstari wa kijani, nayo ilinuka kama nyumba mpya. "Mlitaka kutuzika?" akauliza, watu wote wa uani wakisikia.

Bibi aliichukua, akaenda akaibamiza mlangoni kwa Mama Langi. "Mke wa bunduki! Wenye sare walinitoa kwetu, na wewe umenifuata na sumu mpaka kwenye chungu changu!"

Mama Langi alitoka na povu la kufulia mikononi. "Mama, ndoo gani? Mimi hapana jua ndoo."

Nilisimama pale pale, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kupaka ukuta. "Lete langi," mama mwenye nyumba akamwambia, na fundi akaleta ndoo nyeupe, akachovya brashi, ikatoka kijani. Rangi! Nikanyamaza tena, kwa kuogopa mwiko. Mwiko tu, hakuna kingine.

Kwa muda mrefu Mama Langi aliendelea kutuwekea odi mlangoni. Bibi aliwamwagia kuku. Kalibu zote alizichoma moto, na jibini hakutengeneza tena. Mume wa Mama Langi akahamishiwa Luzira, wakaondoka. Bibi alikufa akiniusia nisile kamwe chakula cha mwanamke yule.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Luzira, nikakutana naye. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijamtambua. Nikampa habari ya msiba wa bibi; alinishika mkono, hakuuachia.

"Mtoto yangu, mimi nilikosea mama yetu nini?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Uzee tu, mama," nikasema. "Alikuwa hajui anachosema."

Mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Mara hii nina watoto wangu.

"Ah. Mungu amupumzishe," akasema, akaingia ndani kunitafutia kopo la odi.

Odi tumeimaliza na wanangu. Kopo nimeliosha mara tatu kwa maji ya moto, na bado linanukia simsim. Lingekuwa kalibu nzuri sana, bibi mwenyewe angelinusa akalikubali. Msumari ninao, mkaa ninao. Kila jioni naliinua, nalinusa, nalirudisha kabatini.