Nguzo Sita za Ukumbi wa Harusi

Jengo ninalolinda hapa Dubai limeiga majumba ya manispaa ya zamani ya Ulaya: ngazi pana, nguzo sita nyeupe na, juu yake, pembetatu yenye saa isiyotembea. Ni ukumbi wa harusi. Nililichukia tangu siku ya kwanza, kwa sababu lilinikumbusha baba.

Baba ni mchonga mawe. Ujanani alikuwa miongoni mwa mafundi waliochonga upya nguzo za jumba la manispaa la mji wetu, ambalo nalo liliiga hukohuko Ulaya, ila kwa mawe ya kweli. Vumbi la mawe hayo alilivuta miaka nenda miaka rudi. Hajafika hata sitini, na juzi daktari alimwambia kaka yangu kwamba mapafu yamekwisha. Tukakubaliana mzee asijue.

Nilipomtumia picha ya ukumbi, alijibu kwa ujumbe wa sauti, akihema. "Gonga, mwanangu, nisikie ni jiwe gani."

Wachonga mawe hawaamini macho. Utotoni nilimshikia patasi, naye akanifundisha kugonga jiwe na kulisikiliza kabla ya kulisifu. Basi nikagonga nguzo kwa ufunguo wa lango. Ikalia kama debe. Ndani hamna kitu, ni ganda tu la saruji na faiba. Nilikasirika kana kwamba nimetapeliwa mimi.

Sikutaka kumvunja moyo. Nikachutama, nikagonga ngazi, ambayo ni jiwe halisi, nikarekodi na kumtumia, nikisema ndiyo nguzo.

"Yalla, haraka, rudi mlangoni," msimamizi akanifokea. "Wageni wanafika."

Jibu la baba nililisikiliza kwenye basi la wafanyakazi, tukirudi kambini kwetu Al Qusais.

"Hilo jiwe limelala," alisema. "Lililosimama halilii hivyo. Umegonga ngazi." Akakohoa kwa muda mrefu. "Hujawahi kunidanganya juu ya jiwe. Sasa niambie, daktari alisema nini?"

Niliona aibu, na niliogopa. Tuliposhuka nikampigia, nikamwambia yote, ya daktari na ya nguzo. Nikasikia pumzi yake ikikwaruza. Kisha akauliza kama zile nguzo ni tupu kabisa.

"Tupu kabisa, baba. Hakuna aliyechonga jiwe."

"Basi waliozijenga watazeeka," akasema.