Neno la Mwisho Kwenye Amri ya Fakhriya

Fakhriya aliandika kila kitu kwenye vipande vya maboksi ya simu, na mafundi wenzake pale ghorofani Mtaa wa Aggrey hawakuchoka kumtania: fundi kompyuta gani huyu asiyeiamini kompyuta? Ijumaa ile, saa tano na dakika arobaini, aliokota kipande kimoja ili anakili amri ya kompyuta aliyoiandika hapo, na jicho likanasa kwenye neno la mwisho.

Ilikuwa amri ya zahanati ya Mzee Muhiddin, kule Ilala. Kompyuta yao ya zamani ilikufa, na programu ya maabara ikagoma kukaa kwenye mpya. Fakhriya akaihamishia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta halisi. Mashine hiyo huamshwa kwa mstari mmoja tu, na kila neno lina kazi yake: -m huipa kumbukumbu, -hda huionyesha diski yake, hostfwd huifungulia mlango wa mtandao ili kompyuta ya mapokezi iongee nayo. Mwisho wa mstari palikuwa na -snapshot.

Neno hilo alilitia mwenyewe jana, wakati Nesi Leticia akijifunza kwa majina ya uongo. Likiwepo, mashine hufanya kazi vizuri kabisa, ila ikizimwa husahau yote iliyoandikiwa tangu iwashwe. Jioni alipaswa kulifuta. Alisahau, na leo Leticia ameiwasha nalo.

Na leo ilikuwa siku ya wajawazito. Ishirini na watatu walishatolewa damu. Vichupa vilikuwa na namba tu, na wenyewe hawakuambiwa namba zao. Majina yalikuwa ndani ya mashine. Angefika ikiwa bado inawaka, angeiamuru iandike yote kwenye diski, kazi ya dakika moja. Lakini kila Ijumaa, saa sita kamili, Mzee Muhiddin hushusha swichi kubwa ndipo aende msikitini. Moto anauogopa kuliko kitu chochote.

Simu ya Leticia iliita bila kupokelewa. Akampigia mzee.

"Shikamoo, mzee. Naomba leo swichi kubwa usiishushe."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Hapo ndipo palipomshinda. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza bila bosi, na aliona aibu kukiri kosa.

"Umeme ukikatwa ghafla, kompyuta itaharibika."

"Haya, siishushi."

Hata hivyo moyo haukutulia. Alipanda bodaboda, lakini mbele kidogo barabara ilishafungwa, watu wametandika mikeka mpaka katikati ya lami. Akashuka, akakata vichochoro kwa miguu, jasho likimtiririka chini ya mtandio, akiomba dua huku akijilaumu.

Alifika saa sita na dakika kumi. Taa zilikuwa zinawaka na feni inazunguka. Karibu acheke kwa furaha.

"Karibu, dada," alisema Leticia. "Mzee kasema unahofia kompyuta isije ikaharibika. Nikaona bora niizime kabisa, taratibu, vile ulivyonifundisha."

Fakhriya aliiwasha upya. Orodha ya leo ilikuwa tupu.

"Umeme huo, eh?" Leticia aliuliza.

Angeitikia, mji mzima, uliozoea umeme kukatika, ungemwamini. Kichwa kilishaanza kuinama kukubali. Kisha akatoka nje kwenye benchi, walipokaa wale wanawake wakisubiri majibu.

"Kosa ni langu," alisema. "Majina yenu nimeyapoteza. Itabidi mtolewe damu tena."

Mwanamke mmoja aitwaye Sitara, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko, alimgeukia.

"Mzee alikuwa amekaa hapa hapa ulipopiga simu. Kwa nini hukumwambia hivyo hivyo?"

Sitara akashusha pumzi, akaanza kukunja mkono wa pili wa baibui.