Simbilisi Aliyebaki Jikoni

Mniwie radhi, wasomaji wangu, kwa kimya kirefu. Tangu nimzike mke wangu, sikuwa na la kuandika.

Leo nimemla mnyama wangu mwenyewe.

Binti yangu aliniletea simbilisi wawili, wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, ili nyumba hii ya Kilosa isiwe kimya. Nikajifunza kuwatunza: majani mabichi, maji safi, matandiko makavu. Kila nilipoingia jikoni na majani, walipiga miluzi.

Asubuhi alikuja dada yangu mkubwa kutoka Malolo. Nilimwamkia, nikaenda Mikumi kwa shughuli zangu. Niliporudi, chakula kilikuwa tayari.

"Kuku huyu ni mtamu, dada."

"Kuku gani? Nimechinja mmoja wa wale wa jikoni. Wamenona. Mwingine nimekuachia wa kesho."

Nilirudisha tonge sahanini. Kwake simbilisi hufugwa kwa ajili ya kitoweo, naye alikuwa ameniona nimekonda, akanihurumia. Ningemkaripiaje mkubwa wangu?

Nilinawa mikono, nikapeleka majani jikoni. Aliyebaki hakupiga mluzi. Alikuwa amejibana kwenye kona, na majani hakuyagusa.

"Dada, hawa hufugwa wawili wawili. Akibaki peke yake atakufa."

Alikuja akasimama kando yangu.

"Na wewe je, mdogo wangu? Funga nyumba, twende Malolo. Na huyo mbebe. Sitamgusa."

Kaburi la mke wangu liko nyuma ya nyumba hii.

Dada anaondoka kesho asubuhi. Ninyi mngefanyaje? Nikishaamua, nitawaandikia.